Kurudi kwenye saksofoni uzeeni: anza na mdomo

Nimestaafu ukarani hapa Mtwara, na saksofoni ya alto niliyokuwa nikipuliza ujanani kwenye bendi ya dansi naipuliza tena. Wenzangu wa rika langu wanaotaka kurudi huuliza waanze na wimbo gani. Wimbo usubiri. Vidole vinakumbuka, mdomo ndio uliosahau.

Kwanza kagua chombo. Saksofoni iliyolala miaka uvunguni kwenye mji wa pwani huingia kutu kwenye springi, na pedi za ngozi zilizo chini ya vifuniko vya matundu hukauka zikapasuka. Usiku zima taa, ingiza tochi ndogo ndani ya bomba, kisha funga vifuniko kimoja kimoja. Panapopenya mwanga ndipo upepo unapovuja. Mpelekee fundi anayezijua ala za kupuliza. Gundi ya dukani isiguse pedi.

Ridi, ule ulimi mwembamba wa tete unaofungwa kwenye kipulizio, nunua namba 2, hata kama zamani ulitumia namba 3 iliyo ngumu zaidi. Najua wakongwe wanaona ni kujishusha, lakini ridi ngumu kwenye mdomo uliolegea huua sauti na hamu pia. Ukimaliza, ianike bapa penye hewa. Ikifungiwa mbichi, kwa unyevu wetu wa miezi ya mvua, huota ukungu.

Sasa mdomo wenyewe. Meno ya juu yakae juu ya kipulizio, mdomo wa chini ufunike kidogo meno ya chini, pembe za mdomo zikaze. Shika noti ya G ya katikati, vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Vuta pumzi hadi tumboni, puliza noti hiyo moja bila kupanda wala kuyumba mpaka pumzi iishe. Pumzika kwa muda uleule uliopuliza. Shuka F, E, D. Dakika kumi zinatosha kwa kuanzia, ila ziwe za kila siku. Saa nzima ya Jumapili peke yake haijengi kitu. Pembe zikianza kuvuja upepo, acha hapo hapo. Mdomo uliochoka huanza kuibana ridi kwa taya, na mazoea hayo yakishaingia kuyatoa ni kazi kubwa mno.

Mwenye meno ya bandia ajaribu taratibu, aone kama yanacheza. Mwenye presha, presha ya macho, au aliyepasuliwa ngiri amuone daktari kabla ya kupuliza. Shingo ikiuma, tafuta mkanda wa kuvaa mabegani, kwani alto ina kama kilo mbili na nusu na saksofoni ya tenori inazidi hapo.

Noti ndefu zikitulia, mwite mpiga gitaa. Majina ya noti za saksofoni hayalingani na ya gitaa: akipiga kwenye ufunguo wa G, wewe wa alto unapuliza kwenye E, na mwenye tenori kwenye A. Kubalianeni hilo kabla ya wimbo kuanza, na mwombe achague wa polepole.