Kisukari na tezi katika ukoo mmoja: namna ya kuuliza na kuchora

Binti yangu alikuwa na miaka 9. Wiki mbili nzima aliamka usiku kunywa maji, na asubuhi sisimizi wamejaa chooni pale alipokojoa. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya malaria. Tulipofika hospitali kubwa alikuwa anahema kwa shida: kisukari cha aina ya kwanza. Siku ya tatu daktari akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo?" Nikamjibu hakuna. Nilikosea, na wewe usikosee kama mimi.

Tafuta karatasi kubwa. Mimi ni fundi cherehani, Majengo, nikatumia ile ya kaki ninayokatia mitindo. Mtoto muweke chini, juu yake wazazi, kisha babu na bibi wa pande zote mbili, na ndugu zao wote. Kwetu kuoana binamu ni kawaida. Mume na mke wenye babu mmoja waunganishe kwa mistari miwili. Usione haya, daktari anafaa kuliona hilo.

Kazi yenyewe ni kuuliza. Ukisema "nani ana ugonjwa wa tezi?" utaambiwa hakuna. Uliza nani aliwahi kuvimba shingo. Nani alikonda, moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, macho yakamtoka? Nani alikuwa mzito wa mwili na usingizi, akihisi baridi hata kwenye joto la Januari? Nani anameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai? Hili la mwisho ndilo lililonifungulia. Mama yangu mkubwa, Kibokoni, alifungua mkoba wake akatoa levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea: "Hii? Hii ni ya shingo tu, mwanangu." Kisha akamkumbuka marehemu bibi, aliyekuwa akizungusha leso shingoni hata jikoni. Miaka yote tulidhani ni stara. Alikuwa akificha rovu, uvimbe wa tezi. Rovu huletwa na mengi, lakini liandike.

Kwa kisukari, andika umri kilipoanza. Mzee aliyeanza na vidonge akiwa na miaka 55 huenda ni aina ya pili, habari nyingine. Aliyeanza utotoni kwa sindano mtie duara. Na kama kuna mtoto aliyefariki baada ya kiu na kukonda, uliza taratibu, mama yake akiwa peke yake.

Maradhi haya mawili hukutana kwa sababu yote ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe: huku seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kule tezi. Baadhi ya jeni zinazoyafungulia njia maradhi haya ni zile zile, hasa kundi la HLA, linaloisaidia kinga kutambua kilicho cha mwili na kilicho kigeni, katika kromosomu ya 6. Lakini jeni peke yake haitoshi. Hata mapacha wa kufanana, mara nyingi mmoja hupata kisukari hiki na mwenzake akasalimika. Kwa hiyo wakwe wasitupiane lawama kuhusu damu ya nani. Katika tafiti za Ulaya na Marekani, ndugu wa mtoto mwenye aina ya kwanza hupata takriban 5 katika 100. Wadogo zake hawahitaji kupimwa jeni. Ukiona kiu na kukojoa kusiko kwa kawaida, wapimwe sukari ya kidole siku hiyo hiyo.

Mgonjwa mwenyewe muombee kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, na cha antibodi za tezi, yaani silaha za kinga zinazoilenga tezi, sukari ikishatulia, maana mwili ukiwa hoi TSH hudanganya. Kisha kirudiwe kila mwaka au miaka miwili.

Mwaka jana sukari ya binti yangu ilianza kushuka ovyo, insulini ile ile, chakula kile kile. Niliikunjua karatasi yangu juu ya meza ya daktari. TSH ikatoka juu: tezi imelegea. Sasa anameza kidonge saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa maji matupu, na mahamri yanangoja hadi saa kumi na mbili na nusu.