Kuwafundisha Wachimbaji Wapya Usalama Kabla ya Kushuka Duarani

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu kila mwajiri wa Tanzania Bara, naye mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia madini, la Geita au Mirerani hajasamehewa. Mafunzo yafanyike mdomoni mwa duara, kwa sababu ukumbini kila mtu hujibu vizuri. Mpe mgeni nyundo au mtaimbo, umwelekeze asimame chini ya mwamba uliokwisha kukaguliwa, kisha agonge taratibu sehemu iliyo mbele yake na kusikiliza: mwamba mzima hulia kwa mlio mkali, ilhali uliolegea hutoa sauti nzito kama ya ngoma, nao huangushwa au kuwekewa matimba (magogo ya kuushikilia) kabla ya mtu yeyote kupita. Arudie hadi asikie tofauti mwenyewe.

Baada ya baruti, hakuna kushuka mpaka hewa safi ipulizwe na msimamizi akague fataki ambazo hazikulipuka. Vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, lipunguzwe kwa kuchoronga (kutoboa mwamba) kwa maji. Kitambaa kilichofungwa puani, ingawa wengi hukiamini, hakizuii chembe zake ndogo.