Jinsi ya kutengeneza kipimo cha PCR cha homa ya nguruwe ya Afrika

Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa. Mfugaji wa Masaka au Mukono anapoona masikio yamekuwa mekundu, mara nyingi nguruwe wengine bandani wameshaambukizwa. Ndiyo maana kipimo cha haraka na cha kuaminika kama PCR, kinachonakili kipande cha DNA ya virusi mara nyingi hadi kionekane, kina thamani kubwa kwetu Uganda.

1. Chagua jeni. Virusi hivi ni vya DNA, kwa hiyo hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA haihitajiki. Anza na B646L, jeni ya protini p72, ambayo ina sehemu zisizobadilikabadilika. Linganisha mifuatano ya DNA ya jenotaipu (aina ya kijenetiki) IX, iliyoenea Uganda, na ya jenotaipu II iliyoingia Tanzania. Biashara ya nguruwe huvuka mipaka, na kipimo chako kiwe tayari.

2. Sanifu praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR ianzie wapi kunakili. Kila praima iwe na herufi za DNA 18 hadi 25, na kipande kinachonakiliwa herufi 70 hadi 150. Programu za kompyuta zitakusaidia. Usipoteze wiki hapa.

3. Sampuli. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia. Chukua damu kwenye chupa ya EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), yenye kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, nayo pia huzuia damu isigande lakini huzuia PCR. Kwa mzoga, kata wengu na tezi za limfu. Weka kwenye barafu mpaka maabara.

4. Vidhibiti, yaani sampuli ambazo jibu lake unalijua tayari. Kila mara uwe na sampuli chanya, sampuli hasi na maji matupu. Ongeza jeni ya nguruwe mwenyewe, kama beta-aktini. Jeni hiyo isipotokea wala virusi visipotokea, usiandike “hana ugonjwa”: huenda damu imezuia mmenyuko. Zimua DNA mara 10, rudia. Mfugaji akipewa jibu hasi la uongo atauza nguruwe mgonjwa, na kijiji kizima kitalipa.

5. Pima unyeti, yaani kiasi kidogo kabisa cha virusi ambacho kipimo kinaweza kuona. Zimua DNA ya kidhibiti chanya mara 10, tena mara 10, hadi isionekane. Karibu na kiwango hicho rudia mara 20. Kiwango cha chini kabisa kinachoonekana angalau mara 19 ndicho kikomo chako. Kisha jaribu DNA ya vimelea vingine vya nguruwe, na damu ya nguruwe wetu wazima na wagonjwa. Kipimo kilichojaribiwa kwa plasmidi (DNA ya duara iliyotengenezwa maabara) peke yake mimi sikikubali.

Andaa mchanganyiko chumba kimoja, toa DNA kingine, na pipeti (vifaa vya kunyonyea vimiminika) zisihame chumba, ili DNA isichafue mchanganyiko. Jibu chanya lipeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo wa wilaya; amri ya karantini hutoka serikalini.