Jinsi ya kuandika mazoezi kama unavyoandika dawa

Mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, unamwambia "jitahidi kufanya mazoezi". Hapo hujamwandikia kitu. Metformini, dawa ya kisukari, huiandiki hivyo. Unataja miligramu, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya kurudi. Mwongozo huu ni kwa daktari, tabibu au muuguzi wa kliniki ya nje anayetaka mazoezi yaandikwe kwa umakini uleule.

Hatua ya 1: Pata namba

Maswali ni mawili, na mahali pake ni meza ya kupimia presha:

- Kwa wiki ya kawaida, ni siku ngapi unafanya mazoezi au kazi inayokufanya uheme kwa kasi, kama kutembea harakaharaka?
- Siku hizo, unafanya kwa dakika ngapi?

Zidisha. Siku 3 mara dakika 20 ni dakika 60 kwa wiki. Iandike chini ya presha, kwenye mstari wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Mwongozo huo uliondoa pia sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10, kwa hiyo hata dakika 4 za kupanda ngazi zihesabu.

Watu hujiongezea dakika, hilo lijue. Namba hiyo bado inafaa, kwa sababu utailinganisha na ya mgonjwa huyohuyo mwezi ujao.

Hatua ya 2: Chuja hatari

Maumivu ya kifua akiwa amepumzika, kuzimia kusikoeleweka, moyo kushindwa kazi ambako hakujatulizwa, homa kali: mazoezi yasubiri, chunguza kwanza. Asiye na dalili na anayeanza kwa kutembea polepole kwa kawaida hahitaji kupimwa umeme wa moyo ndipo aruhusiwe.

Kisha pitia dawa zake. Anayetumia insulini au glibenklamidi, dawa za kisukari, anaweza kushuka sukari njiani, hivyo abebe kitu kitamu. Anayetumia atenololi, dawa ya presha na moyo, usimpe lengo la mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hiyo inayazuia kupanda. Mwenye kisukari mvue viatu umtazame nyayo. Ni dakika moja tu, na wengi wetu tunairuka.

Hatua ya 3: Andika dozi

Dozi ina mambo manne: aina, ukali, muda, na mara ngapi. Tuseme una mgonjwa wa miaka 58, ana kisukari cha aina ya 2, magoti yanamuuma kidogo, na namba yake ni sifuri. Cheti chake kiwe hivi:

*Kutembea, kwa kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Dakika 10 baada ya chakula cha jioni, siku 5 kwa wiki. Ongeza dakika 5 kila baada ya wiki 2. Kuinuka kitini bila kushika popote, mara 8, mizunguko 2, siku 2 kwa wiki. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, acha na urudi kliniki.*

Ataanza na dakika 50 kwa wiki, na zikipita wiki 8 atakuwa kwenye 150. Mpe karatasi mkononi. Akiwa na miaka 65 au zaidi, ongeza mazoezi ya kujisawazisha siku 3.

Hatua ya 4: Uliza tena

Akirudi, maswali ni yaleyale mawili. Namba isipopanda, usimhubirie. Uliza kilichokwamisha, kisha punguza dozi.

Hatua ya 5: Wape wanafunzi kazi hii

Mhadhara pekee hautoshi. Weka kituo kimoja kwenye mtihani wa vitendo: mwanafunzi aulize, achuje, aandike cheti. Kisichotahiniwa hakisomwi, tunajuana.

Hatua ya 6: Zitumie namba kwa utafiti

Faili zikijaa, utashawishika kulinganisha wanaotembea na wasiotembea. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Miaka 3 baadaye timu hiyohiyo ilichunguza vipimo vya sare za wafanyakazi hao na kukuta suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni tangu wakiwa vijana. Basi huenda sehemu ya tofauti ile walikuja nayo kazini. Kwa hiyo, siku unayoandika dakika kwa mara ya kwanza, andika pia uzito, mzunguko wa kiuno, sigara na aina ya kazi. Ukiweza kupata akselerometa, yaani vifaa vya kupima mwendo, za kuvaa kiunoni, wavalishe hata wagonjwa wachache, uone dakika wanazotaja zinapishana kiasi gani na zile kifaa kinazopima.