Somo: Kukagua, kusafisha na kuuza santuri za shelaki za muziki wa klasiki

Umri peke yake hauipi bei santuri ya shelaki (utomvu mgumu wa wadudu uliotumika kabla ya santuri za plastiki). Mwimbaji wa opera Caruso aliuza kwa wingi mno, hivyo santuri zake nyingi za kampuni ya Victor bado zimejaa, na simfoni za Beethoven ndani ya albamu nene (kitabu cha bahasha za santuri) ndizo ngumu kuliko zote kumpata mnunuzi. Bei inatokana na hali ya mifereji (mistari inayopitiwa na sindano) na namba zilizochapwa kwenye santuri.

1. Ikague. Tumia taa moja, mwanga uje kwa ubavu. Mfereji mzima ni mweusi wa kung'aa. Ulioliwa umepauka kijivu, hasa palipo na sauti kubwa na karibu na lebo. Shelaki ilichanganywa na unga wa mawe, na sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila upande. Wengi hawakubadilisha. Kisha ingiza kidole kwenye tundu la kati na uigonge ukingoni polepole kwa kifundo cha kidole: iliyo nzima hulia, yenye ufa hutoa mlio mfu.

2. Soma namba. Namba ya katalogi iko kwenye lebo. Ya matriki, inayotambulisha rekodi yenyewe, iko pale mifereji inapoishia. Kurekodi kwa umeme kulianza 1925. Kabla ya hapo msanii aliimbia kwenye pembe ya kunasa sauti. Alama za kurekodi kwa umeme zinasaidia: kampuni ya HMV wana pembetatu ndogo baada ya namba ya matriki, Victor wana VE ndani ya duara refu, Columbia wana W ndani ya duara. Hapa ndipo wauzaji wengi hukosea: rekodi ya 1904 huenda ilichapwa upya miaka mingi baadaye kwa lebo mpya. Matriki ni ileile, bei ni nyingine kabisa.

3. Isafishe. Nusu lita ya maji yaliyotoneshwa, matone 2 au 3 ya sabuni ya vyombo, brashi laini inayofuata mifereji. Lebo isilowe. Suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha iache wima kivulini. Spiriti usiiguse kabisa: ndiyo inayoyeyusha shelaki, na uso ukishayeyuka haurudi. Kama ina ufa, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

4. Isikilize. Tumia sindano ya mikroni 76 hivi. Ya LP, yaani santuri ya plastiki ya baadaye (mikroni 18 hadi 25), huzama chini ya mfereji na kukuletea kelele tupu.

5. Tangaza na ufunge. Taja lebo, katalogi, matriki, kipenyo (inchi 10 au 12), upande mmoja au miwili, kila ufa na kila pengo la ukingoni. Usiisafirishe ndani ya albamu, kwani ikianguka mgongo wa albamu huikata ukingo. Kila santuri kwenye bahasha yake, kipande cha boksi gumu katikati ya kila mbili, funga kifurushi kisicheze, kisha kiingie boksi la pili lenye sentimita 5 au zaidi za kinga pande zote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina santuri ya zamani ya kampuni ya Pathé, haitoi muziki, ni mvumo tu. Imeharibika?*
Huenda ni nzima, ndugu. Pathé nyingi za zamani zilichongwa kwa kina, sindano hupanda na kushuka badala ya kwenda kushoto na kulia. Kwenye katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya stereo, geuza nyaya za chaneli moja kisha unganisha chaneli zote kuwa mono. Mwendo nao si mizunguko 78 kwa dakika daima, urekebishe kwa sikio.

*Nimenunua albamu ya santuri 5. Upande wa 1 uko pamoja na wa 10, wa 2 na wa 9. Zimechanganywa?*
Hapana. Ni mpangilio wa mashine iliyojidondoshea santuri moja baada ya nyingine. Rundo liligeuzwa mara moja tu. Mpangilio huu utaje kwenye tangazo, maana wengine hawautaki.

*Ufa naweza kuugundisha kwa gundi kabla ya kuuza, mkuu?*
Usijaribu. Gundi ikiingia mferejini inaua hata sehemu iliyokuwa ikisikika. Andika urefu wa ufa kwa sentimita, piga picha, uza kwa bei yake.

*Naziweka zimelala, nyingine juu ya nyingine. Ni sawa?*
Zisimamishe wima, zibanane kidogo, mbali na joto. Santuri ya inchi 12 ni nzito, na rundo huzipasua za chini.