Somo: Kukusanya silaha za kale za enzi za makaboi bila kupigwa changa la macho

Wakuu, somo nililoahidi hili hapa. Mimi naishi Texas, na kitu cha kwanza nilichonunua katika uraibu huu hakikuwa hata bunduki. Kilikuwa bizimu la mkanda, la shaba, limechorwa gari la farasi la Wells Fargo, kampuni ya zamani ya kusafirisha fedha na mizigo, na nyuma pameandikwa Tiffany, kampuni ya vito ya New York. Mzee aliyeniuzia alinisimulia habari za babu yake nusu saa nzima. Baadaye nikajua kwamba mabizimu ya namna hiyo yalitengenezwa karne ya 20 na kuzeeshwa kwa makusudi. Nilinunua hadithi, bizimu nikapewa kama nyongeza.

Hatua ya 1: Shika mwaka 1898

Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1968 inaihesabu bunduki kuwa ya kale kama ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Kinachoangaliwa ni mwaka wa kutengenezwa bunduki yenyewe. Mwaka wa muundo hausaidii kitu. Hapa wengi huteleza. Bunduki ya Winchester ya muundo wa 1873 ilitengenezwa hadi miaka ya 1920, kwa hiyo iliyotoka kiwandani 1905 ni bunduki ya kawaida mbele ya sheria, hata kama inafanana kama pacha na ya 1885. Bastola ya Colt Single Action Army nayo ilianza 1873. Wakusanyaji huchukulia zile zenye namba za kiwandani zilizo chini ya 182,000 kuwa za 1898 kurudi nyuma. Kisha soma sheria za jimbo lako, maana majimbo hayafanani.

Hatua ya 2: Hakikisha haina kitu tumboni

Bunduki za kujaziwa mdomoni, ndugu wa magobori yetu, zimekutwa na baruti na risasi ndani baada ya miaka mia na zaidi, na baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki. Kwanza angalia kama kuna fataki chini ya nyundo. Halafu, ukiwa umesimama pembeni ya mdomo wa mtutu, ingiza kijiti cha mbao taratibu mpaka kigote, kitie alama, kitoe, kilaze juu ya mtutu, alama ikiwa mdomoni. Kikiishia mbali na mwisho wa nyuma wa mtutu, kuna kitu humo. Usichokonoe. Mwite fundi wa bunduki.

Hatua ya 3: Soma namba na chuma

Kwenye Colt ya 1873 utakuta namba kwenye fremu, kwenye kilinzi cha triga na kwenye chuma cha mgongo wa mpini. Zote zifanane. Ila usikimbilie kukataa: jeshi la Marekani lilirudisha bastola zake nyingi miaka ya 1890 ili mitutu ikatwe kutoka inchi 7½ hadi 5½, na vipuri vikachanganywa. Bastola ya jeshi yenye mtutu mfupi na namba mchanganyiko inaweza kuwa halali kabisa. Kwa kweli, bastola ya namna hiyo yenye namba zote sawa ndiyo ya kuichunguza zaidi.

Kisha chuma chenyewe. Tazama kingo: zikiwa za duara, na herufi zimefifia upande mmoja, kuna mtu amesugua. Tazama skrubu: vichwa vilivyotafunwa maana yake imefunguliwa na asiyejua. Bunduki ya kahawia, isiyong'aa, iliyochakaa sawasawa, mimi naipenda kuliko iliyopakwa rangi upya ikametameta.

Bastola ya Colt ya 1851 ina mtihani wake mzuri. Silinda ilichorwa vita vya majini vya Mei 1843, kati ya meli za Texas na za Mexico. Meli zikionekana wazi wakati mtutu umelika, uliza kwa nini. Na usisahau kwamba Italia imezalisha nakala nyingi. Tafuta mihuri midogo ya Gardone Val Trompia, mji wa Italia wa watengeneza bunduki, au sehemu iliyopigwa tupa mahali ambapo mihuri ingekuwa.

Hatua ya 4: Omba barua

Kampuni ya Colt ina kumbukumbu zake, na makumbusho ya bunduki ya Cody, Wyoming, yanatunza vitabu vya Winchester. Unalipa ada, unapata barua ya jinsi bunduki ilivyotoka kiwandani: tarehe na, kama ilirekodiwa, urefu wa mtutu, rangi au mahali ilikopelekwa. Barua haisemi ilibebwa na jambazi gani.

Hatua ya 5: Anza na vikorokoro

Huu ndio ushauri wangu kwa mwenye mfuko mwembamba: pembe za baruti, kalibu za kumiminia risasi, ala za ngozi za kuvalia bastola kiunoni. Ala yenye muhuri wa Meanea wa mji wa Cheyenne au Heiser wa Denver, mafundi wa ngozi wa zamani, ni furaha tosha. Lakini usihifadhi bastola ndani yake! Ngozi hushika unyevu na chumvi, chuma kinaota kutu. Kila kimoja kikae peke yake.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kuisafisha kwa msasa laini?*
Hapana, kaka. Kitambaa laini na mafuta kidogo, basi. Ukishaondoa rangi ya uzee, bei nayo umeiondoa.

*Nimeona Colt yenye mpini wa pembe ya ndovu. Ninunue?*
Tulia kwanza. Tangu 2016 biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya majimbo imebanwa sana, na muuzaji lazima awe na uthibitisho wa umri. California na New York zina sheria zao kali zaidi. Ukitaka kujua kwa nini linanigusa: karne ya 19 shehena za pembe zilitoka Unguja hadi Connecticut, jimbo lile lile la kiwanda cha Colt, nyingi zikaishia kuwa vibao vya piano. Siwezi kusema mpini huo ulitoka kwetu, lakini kila nikiuona nawaza misafara ya wapagazi.

*Nataka kumpelekea baba Winchester moja Mwanza, ni pambo tu la ukutani.*
Dada, usithubutu. Huo mwaka 1898 ni wa sheria za Marekani. Nyumbani hata gobori la kurithi linahitaji kibali, na usafirishaji nao una vibali vyake. Mpelekee mzee pembe ya baruti ya ng'ombe, tupu na iliyooshwa vizuri. Ataitundika mahali pale pale.