Somo: Kugeuza makro virt_to_pfn kuwa fanksheni inayodai pointa

Wakuu, leo tunaingia kwenye kona ndogo ya kerneli (kiini) ya Linux. Kupata namba ya ukurasa wa kumbukumbu kutokana na anwani pepe, heda nyingi (mafaili ya .h) zilitumia makro hii, yaani kipande cha msimbo kinachobandikwa kabla ya kukompaili:

#define virt_to_pfn(kaddr) (__pa(kaddr) >> PAGE_SHIFT)

Ndani ya __pa, inayogeuza anwani pepe kuwa anwani halisi, mna kasti (kulazimisha aina ya data) ya kwenda unsigned long, kwa hiyo makro inameza chochote: pointa, namba tupu, hata anwani halisi ya RAM iliyokwisha kubadilishwa. Kompaila inakaa kimya, nawe unapewa ukurasa usio wako. Mwaka 2023 Linus Walleij, msanidi wa kerneli, alizipitia heda hizo, usanifu (aina ya prosesa) mmoja baada ya mwingine, akaziba mwanya huu. Njia ni hii.

Hatua ya 1. Kwenye asm/page.h ya usanifu wako, toa makro, weka:

static inline unsigned long virt_to_pfn(const void *kaddr)
{
    return __pa(kaddr) >> PAGE_SHIFT;
}

Usiache const, la sivyo wenye pointa za kusoma tu watapigiwa kelele bure.

Hatua ya 2. Iweke chini ya __pa, ndani ya #ifndef __ASSEMBLY__. Heda hizi husomwa pia na mafaili ya .S, na asembla haijui fanksheni ya C.

Hatua ya 3. Kompaili. Utaona "makes pointer from integer without a cast", mara nyingi kupitia virt_to_page, maana nayo huiita virt_to_pfn. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, msiharakishe. Kila onyo lifuatilie hadi kigeu kilipozaliwa. Kikitoka __get_free_page, ambayo hurudisha unsigned long, anwani ni sahihi: andika virt_to_page((void *)addr). Kikiwa phys_addr_t (aina ya anwani halisi), umekamata hitilafu ya kweli, tumia PHYS_PFN, inayotoa namba ya ukurasa kutoka anwani halisi. Anayebandika (void *) kila mahali ili onyo liishe anaifukia hitilafu ileile tuliyokuja kuitafuta.

MASWALI

Mkuu, fanksheni haitapunguza kasi?
Hapana. Kerneli hukompailiwa kwa -O2 (kiwango cha kuboresha kasi), na fanksheni fupi hivi humwagwa palepale inapoitwa.

Void * inapokea pointa yoyote. Ya programu ya mtumiaji si itapita?
Itapita, umeona vizuri. Hiyo inakamatwa na alama ya __user, inayowekwa kwenye pointa za mtumiaji, pamoja na sparse, zana ya kukagua msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2003. Endesha make C=1 ikague mafaili yanayokompailiwa upya, au C=2 ikague yote.

Kwenye laptop yangu ya x86 imepita bila onyo. Nitume?
Bado, ndugu. Kila usanifu una heda zake, na draiva za ARM hazijaguswa hapo. Endesha hii kwanza, kisha soma maonyo yote:

make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabi- allmodconfig
make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabi-